Kazi ya Baba Bhoke ni Nini Hasa?

Jamani, mnisamehe. Nimekaa kimya humu kwenye blogu tangu nijifungue. Mtoto halali, nami silali.

Leo nimekwama kwenye fomu ya ubatizo. Kazi ya baba?

Nikamwambia mzee katekista, "Anaongoza watengeneza programu za kompyuta, huko Dar."

"Kwa hiyo anatengeneza programu."

"Zamani. Siku hizi wanatengeneza wenzake."

Akina mama nyuma yangu, ambao waume zao wote wako machimboni, wakacheka. "Mama Bhoke, kumbe mumeo analipwa kwa kuangalia!"

Niliona aibu, ila sikunyamaza. Nikasema ana vijana sita chini yake kazini. Kila asubuhi anawauliza mmoja mmoja wamekwama wapi. Aliyechoka anampumzisha. Kazi ikiharibika, lawama ni zake.

Mzee aliwahi kuchimba dhahabu hapahapa Genkuru. Akaitikia kwa kichwa.

"Huyo ni msimamizi wa duara, shimo letu la dhahabu. Hachimbi, lakini anashuka wa kwanza kukagua magogo yanayozuia kuta zisiporomoke, ndipo wengine washuke."

Akaandika: Msimamizi.

Wote wakaridhika. Mimi nikatoka machozi yakinilenga.

Maana nilimtetea vizuri mno. Na mimi je, nani ananiuliza asubuhi nimekwama wapi?

Ninyi wenye waume wa mbali, huwa mnafanyaje?

Baba Bhoke, najua utasoma. Ubatizo ni Jumapili. Tuma nakala ya cheti chako cha ubatizo, sweta ya mtoto, na dawa yangu ya mgongo.

Na kesho asubuhi, kabla hujawauliza wale sita, nipigie uniulize mimi.