Kona ya Kijani

Enzi za ruksa, mitumba ilipoanza kulijaza soko la Songea, nilikuwa mchora ramani wa mradi wa kurudisha kinamasi chini ya milima ya Matogoro. Watu walikuwa wamekikausha kwa vinyungu, zile bustani za bondeni za kiangazi. Kila mwaka nilikipima kwa hatua, kigingi hadi kigingi, nikapaka kijani paliporudi matete na njano palipobaki bustani. Penye magimbi ya mama yangu nilipaka kijani, miaka minne mfululizo. Magimbi yale ndiyo yaliyonisomesha.

Kisha akaletwa kijana kutoka pwani, aliyezoea kupima mikoko, maji yakijaa na kupwa. Alikuja na kimashine cha kuongea na setilaiti. Nilimwonea wivu, sioni haya kusema. Mkuu wetu, aliyezoea kuniita fundi, akaanza kumwita yeye mtaalamu. Ikasemekana mmoja wetu atapelekwa pwani kusomea upimaji wa mikoko, na kila mtu ofisini alikuwa akimtazama yeye.

Siku wageni walipokuja kukagua, ramani yake ilibandikwa ukutani. Nikaona kona ya mama ni ya kijani. Kwa furaha ya kumnasa, sikujiuliza kijani kile kilitoka wapi.

"Hapo si matete," nikasema mbele ya wote. "Ni magimbi. Mtaalamu hakufika."

Akaigeukia ramani. Ndipo nikakumbuka kwamba alipougua malaria aliniomba ramani yangu ya zamani, akainakili kona ile, kwa kuwa aliniamini. Angeweza kunitaja. Alisema tu kwamba kosa ni lake na atalisahihisha. Hapo nilimwonea wivu kuliko siku zote, maana mimi nisingeweza.

Wiki ileile vigingi vipya vikapigwa kwenye kona ile, na wenye vinyungu wa hapo wakapewa siku tatu waondoke. Safari ya pwani nikapewa mimi.

Nilipokwenda kumuaga mama, nilimkuta anaosha magimbi machanga, hayajafika hata ukubwa wa yai. Nikamwamkia. Akaniuliza ni nani aliyewachongea.

"Yule kijana wa pwani," nikamjibu.

Mama hakuinua kichwa. "Si ndiye aliyeshinda nami jana bondeni, akaning'olea yote haya? Wewe, mwanangu, ulikuwa wapi?"