Barua za Mwalimu Jamil

Mara ya mwisho ulipomsifu mwanamke kazini, ulisifu kazi yake au tabia yake? Fikiri kabla hujajibu, maana Mwalimu Jamil wa Bugembe, karibu na Jinja, angejibu haraka, na angekosea.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifundisha umeme katika chuo kidogo cha ufundi kando ya barabara kuu ya Iganga. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaingiza wasichana katika karakana ile. Aligombana na wazazi, akagombana na mkuu wa chuo, mpaka mzee mmoja msikitini akamwuliza kama anataka wake za watu wapande nguzo. Hakujali. Kama kulikuwa na mwanamume Jinja nzima aliyejihesabu kuwa hana ubaguzi, ni yeye.

Kisha Okoth akapiga simu kutoka Mbale. Okoth, Mkenya, alikuwa msimamizi wa mitambo katika kiwanda cha kukoboa kahawa. Kato, kijana aliyesoma kwa Jamil, alikuwa ameacha kazi hapo na kuhamia Kampala, na mota kubwa ilikuwa imeungua mara ya pili tangu mwaka uanze. Okoth alihitaji mtu wa kuisuka, yaani kung'oa waya zilizoungua na kuingiza mpya. Jamil akashangaa. Akamkumbusha kwamba nafasi ileile ilipotangazwa, waliomba wanafunzi wake wawili, Kato na Nafuna, na wote aliwaandikia barua za kuwapendekeza. Okoth akaitafuta ya Nafuna kwenye faili, akamsomea.

“Ni binti mpole, mtiifu na msafi. Huwahi darasani na huelewana na wenzake.” Okoth akacheka. “Mwalimu, mimi nilidhani unanitafutia mtu wa kuchemsha chai.”

Jamil hakucheka. Alasiri ile alitoa nakala za barua zake zote, akazisoma moja moja mpaka macho yakamuuma. Wavulana walikuwa hodari, wepesi wa kugundua hitilafu, mafundi wa kutegemewa. Wasichana walikuwa wapole. Nafuna, aliyekaa na Kato wiki tatu akimwonyesha namna ya kuhesabu mizunguko ya waya, alikuwa msafi. Hakuna aliyemwamuru Jamil aandike hivyo. Mkono ulikuwa wake, saini yake, na kila barua aliiandika kwa nia njema. Hilo ndilo lililomchosha. Alitafuta uovu ili autubie, akakuta mazoea tu.

Barua mpya aliiandika mara nne. Siku iliyofuata, mwili mzito kama wa mtu aliyetoka kwenye homa, akasafiri nayo hadi Mbale. Alimkuta Nafuna mtaa wa Namakwekwe, akikaanga chapati za kuuza mbele ya chumba alichopanga. Waajiri watano walikuwa wameshamkataa. Jamil akasimama pembeni ya moshi, akaeleza yote bila kujitetea, akamwomba aende naye kiwandani kesho yake.

Nafuna aligeuza chapati. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha.

“Barua yako ingenipatia mume, mwalimu. Kazi haikunipatia.”

“Ni kweli, binti yangu.”

“Na mimi si mpole. Nilikuwa nanyamaza tu, maana kila ulipouliza swali, macho yako yalikuwa upande wa kina Kato.”

Hilo Jamil hakuwa akilijua. Nafuna akasema amechoka kusimama mbele ya watu wanaomtafuta mwanamume aliye nyuma yake. Ilichukua chapati nyingine sita hadi akakubali, tena kwa sharti: mwalimu asimsemee hata neno moja. Jamil akaenda kulala kwa shemeji yake mtaa wa Nkoma.

Asubuhi Okoth aliwapokea langoni, akaisoma barua mpya, akawapeleka kwenye mtambo. Nafuna akachuchumaa kando ya mota, akaugusa mkanda, akautikisa mhimili. Okoth akamgeukia Jamil.

“Sasa mwalimu, shida iko wapi?”

Jamil alikuwa na jibu mdomoni: umeme wa mtaa ule hupanda na kushuka. Akalimeza, na kulimeza kulimwuma kuliko safari nzima. Okoth akamtazama kama anayemtazama kiziwi.

“Mota haina kosa,” Nafuna akasema bila kuinua kichwa. “Mmekaza mkanda kupita kiasi. Beringi ikafa, rota inayozunguka ndani ikaanza kusugua waya. Nikiisuka leo na mkanda ukabaki hivi, itaungua tena.”

Umeme haukuhusika kabisa. Okoth akapiga magoti, akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba. Haukubonyea. Mkono ukiwa bado juu ya mkanda, akamwuliza Nafuna mwenyewe anaweza kuanza lini.

“Kato ulikuwa ukimlipa ngapi?”

Okoth akamtazama Jamil. Jamil akaitazama mota. Mwishowe Okoth akautaja mshahara wa Kato, wote, kuwa ndio wake. Nafuna akaitikia kwa kichwa, akaomba spana namba kumi na saba.