Mwandiko Wake, Mama wa Mwenzetu

Kuna watu ukishapeana nao mkono unatamani kutafuta sabuni. Mmoja wao nilikaa naye dawati moja miaka minne, na alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote shuleni.

Mwandiko huo ndio ulioleta balaa. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na binti mmoja wa Kagunga, kijiji cha mwambaoni mwa ziwa, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake mjini, Rusimbi, ili asome. Katika sanduku la vitabu vya msaada tulikuta kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kikieleza mchezo wa mezani: mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mmoja anakuwa mhusika ndani yake, anasema anachofanya, kisha dadu inaamua kama amefaulu. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimechanwa, kwa hiyo nusu ya kanuni tulitunga wenyewe. Ngome na farasi wa Wazungu tukavitupa, tukaweka ziwa letu, mitumbwi ya injini, na mamba anayedai ushuru bandarini.

Kila tulichotunga tulimpa mwenye mwandiko anakili kwenye madaftari makubwa. Ndivyo tulivyozoea. Kwetu Ujiji mwenye mwandiko mzuri huandikia mtaa mzima: barua za posa, kadi za harusi, mihtasari ya vikao vya misiba. Yeye aliandika posa za watu tangu kidato cha pili, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba mwandishi ndiye bwana harusi. Angekuwa anamiliki kila alichokiandika, leo nusu ya wanawake wa Ujiji wangekuwa wake zake. Madaftarini hatukuandika jina hata moja. La nini, na sote tulijua?

Mama yake yule binti alikufa maji alipokuwa akileta dagaa mjini kutoka Kagunga. Mwili haukuonekana. Kwa shangazi yake jambo hilo halikuzungumzwa, na yeye shuleni hakulizungumza. Jumamosi moja ilikuwa zamu yake ya kuongoza hadithi. Mtumbwi wetu wa kwenye karatasi ukapotea ukunguni, naye akasema, sauti ya chini, kwamba kuna mama amesimama juu ya maji, ana karai la dagaa kichwani, anatuonyesha njia ya nchi kavu. Tulijua ni nani. Tangu siku hiyo kila tulipopotea mama huyo alitokea, na kwake hatukurusha dadu.

Miaka ikapita, kila mtu na maisha yake. Mwaka jana mwenzetu wa mwandiko akautoa mchezo wote mtandaoni kwa jina lake peke yake. Yule binti siku hizi ni mwalimu kijijini Kalinzi, na alikuwa akiuchezesha darasani kwake. Akaletewa barua ya wakili: aache mara moja, hiyo ni mali ya mtu. Jalada la mchezo huo alishaliona kwenye simu. Mwanamke wa majini, meno nje, magugu kwenye nywele, na karai.

Tulikutana mgahawani Ujiji, sisi watatu. Bwana mwandiko alikuja na madaftari ameyafunga kwenye nailoni. Alipoona tone la mawese mezani alilifuta kwanza, taratibu, ndipo akayaweka.

"Huu mwandiko wa nani?" akatuuliza. "Semeni wenyewe."

"Wako," Mwalimu akajibu. "Na kanuni je? Si tulizitoa kwenye kitabu cha watu?"

Akacheka. "Wale wako mbali, Mwalimu. Nani atawapelekea habari?"

Kisha akaikunja pembe ya barua ile ile ya wakili, aliyokuja nayo Mwalimu, akachokonolea meno, akatoa nyama ya samaki aina ya mgebuka, akaitazama, akaila. Mtu anakuhubiria haki yake ya jasho, na hapo hapo anakiri kwa kicheko kwamba jasho lenyewe si lake.

"Mimi mchezo siutaki," Mwalimu akasema. "Chukua kanuni, chukua ziwa, chukua na mamba. Mama yangu tu mtoe humo."

"Haiwezekani, dada yangu. Ndiye wanayempenda watu. Halafu kisheria huyo si mama yako. Ni mhusika wangu."

Hapo Mwalimu akanigeukia mimi. "Kaka, wewe ulikuwepo. Mwambie nani alimleta mama."

Sasa niseme ambalo ningependa kulificha. Siku mbili kabla, mwenye mwandiko alinipigia simu. Alisema kitabu cha kuchapwa kitakuwa na jina langu, mtunzi mwenza, mradi nisilete ubishi. Nina kibanda cha fotokopi Rusimbi. Mchana kutwa napitisha majina ya watu kwenye mashine, vyeti vyao, hati zao, tasnifu zao, na langu halijawahi kuandikwa popote ila kwenye leseni ya biashara iliyo ukutani. Nililitamani jina hilo kitabuni. Nililitamani kwa uchu, kama mjamzito na udongo.

"Tulitunga wote," nikasema.

Na kweli, tulitunga wote. Ndiyo maana sentensi hiyo inaninukia mdomoni mpaka leo: si uongo.

Mwalimu hakubishana. Alisema "Haya," akachukua mkoba wake, akawahi gari la Kalinzi. Yule bwana akaniagizia soda, nami nikainywa yote.

Kitabu kilifika mwezi uliopita. Ukurasa wa yule mama nimeusoma mara moja tu. Unasema akitokea usifuate anakokuonyesha, kwa sababu anapoteza watu. Mpige kichwani mpaka karai lidondoke. Ukimuua unapata alama kumi. Jina langu liko ukurasa wa pili, chini ya la kwake, kwa herufi nzuri sana.