Kufuli kwenye koo la Stanslaus

Stanslaus wa Kiabakari alikuwa na sauti ambayo Mungu aliitengeneza kwa ajili ya mlima, kisha akakosa mlima wa kuubebesha, akampa mtu. Akisimama nyuma ya nyumba kuita watu waje kula, ng'ombe wa Butiama walikuwa wanageuza shingo, na kuku wa majirani walirudi bandani mchana wakidhani jua limezama. Siku moja aliita, na simba aliyekuwa amelala huko Serengeti akainuka akaanza safari ya kuja kula. Alipofika barabara ya lami akaona aibu, maana hakubeba hata zawadi, akarudi. Nilimwona kwa macho yangu, mimi jirani yao. Anayebisha akamuulize simba.

Mkewe ndiye Matrida, ananiita mama kwa ajili ya umri wangu tu, na habari hii ni yake. Matrida sauti hana, akikuaga unadhani ameguna. Kazi yake ni dagaa. Anawafuata Musoma, anawauza kwa kopo la sado pale barabarani Kiabakari, na hajawahi kumpunja mtu, jambo ambalo kwa wauza dagaa ni kama ugonjwa. Tena macho yake yameharibika. Daktari aliita presha ya macho, akasema kilichokwisha kupotea hakirudi, watajitahidi kulinda kilichobaki. Sasa Matrida anaonaga kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Dagaa wenye mchanga anawajua kwa vidole. Watu anawajua kwa kikohozi, kwa ndala, kwa wanavyovuta kamasi. Picha ya harusi iko ukutani, lakini kwake ile ni ubao tu.

Mtoto wao Nyangi anasuka nywele Kabasa, kule Bunda. Huyu na wenzake walifungua chumba kwenye mtandao wa kuchati, wakakiita Boma. Humo waliingia watoto wa Mara waliotawanyika: wa Mwanza, wa Dodoma, wa Uarabuni, wa kwenye baridi hukohuko nisikokujua. Unaingia Boma, unasikia watu wanapiga soga kwa sauti zao, kama mmekaa jikoni pamoja. Na kulikuwa na vitufe. Ukibonyeza kimoja jogoo anawika, kingine kengele ya kanisa la Nyegina inalia, kingine mwanamke anapiga kigelegele. Nyangi alipokuja nyumbani alimrekodi baba yake bila yeye kujua, akamweka humo naye akawa kitufe.

"Wa karibu njooni, wa mbali njooni, kinapoaaa!" Halafu kikohozi kimoja kidogo, kha, cha ugoro uliokosa njia.

Kile kitufe kilipendwa kuliko vyote. Mtu akiingia tu kutoka Uarabuni, mwenzake anabonyeza, Stanslaus anamkaribisha chakula. Vijana waliniambia kuna mmoja alikuwa akisikia anaweka mkono juu ya sufuria yake huko ugenini kuona kama kweli kimepoa.

Sasa Boma lile lilikuwa na mambo ya bure na mambo ya kulipia. Kukaa ni bure. Lakini ukitaka vitufe vingi, sauti isiyokwaruza, na picha ya mlangoni inayochezacheza, lazima wenyeji watie nguvu. Ndivyo walivyokuwa wanaita, kutia nguvu. Kila mtu analipia kipande chake kwa mwezi, vipande vikikusanyika Boma linapanda ngazi. Mwezi ukiisha, mtandao unachukua wenyewe tena kwenye kadi yako. Kadi ikikataa, unapewa siku chache za kuonewa huruma, kisha Boma linashuka ngazi na vile vya juu vinazimika. Nyangi alinieleza mara nyingi, nikamwambia nimeelewa: ni kama moto wa kuchangiana kuni.

Aliyekuwa anatia nguvu kubwa ni Pastory, dereva wa malori huko Uarabuni, mtoto wa Petronila. Petronila ni dada yake Stanslaus, ameolewa Nyegina. Kwa hiyo Stanslaus ni mjomba wake Pastory, aliyemlea pia.

Stanslaus alikufa kwa kifua. Sauti ilimwisha kabla ya pumzi. Siku za mwisho mtu aliyegeuzaga ng'ombe wa Butiama alikuwa anaomba maji kwa kidole.

Tulimzika. Moto wa msiba ukawashwa nje, tukalala hapo. Ukoo ule una desturi yake: siku ya kuondoa matanga, mjane mwenyewe ndiye anayezoa majivu ya ule moto kwa mikono akayamwage njia panda. Wanasema majivu yakiendelea kukaa, marehemu anabaki amekaa nayo. Yakiondolewa anakuwa huru, na watu wanaruhusiwa tena kutaja jina lake na kucheka mambo yake. Matrida aliyazoa. Jioni hiyohiyo nikasimulia ya simba, akacheka kidogo.

Baada ya hapo kila jioni, akishafunika dagaa wake, alikuwa anampigia Nyangi simu.

"Nipe baba yako."

Nyangi anabonyeza kule Kabasa, sauti inakuja: wa karibu njooni. Matrida anasubiri kikohozi. Kikishapita anasema, "Haya, lala salama," na mimi niliyekaa karibu sikujua anamwambia nani kati ya hao wawili.

Simu aliyorekodia Nyangi ilishakwapuliwa stendi ya Bunda zamani, na sauti ilikuwa imebaki mle Bomani tu. Mtaniuliza kwa nini hawakuinasa kwenye simu nyingine. Na mimi nawauliza, nani anayekaa kando ya ziwa akajaza maji mtungini kwa kuogopa ziwa litaondoka?

Likaondoka. Pastory alifukuzwa kazi, kadi yake ikawa tupu. Wengine nao wakachoka, mmoja ameoa, mwingine amesahau. Siku za huruma zikapita. Boma likashuka ngazi, na vitufe vilivyowekwa mwishomwisho vikafungwa. Havikufutika. Vilibaki pale na majina yake, ila viligeuka rangi ya majivu, na juu ya kila kimoja pakakaa kufuli dogo. Jogoo wa kwanza alibaki huru anawika. Stanslaus alifungwa.

Nyangi alipanda gari akaja kumwambia mama yake uso kwa uso. Bahati mbaya siku hiyo Petronila naye alikuwepo, amekuja na samaki wake wa kukaanga na mdomo wake.

"Mama, baba amekata kidogo," Nyangi akasema. "Wakiunga anarudi."

"Nani amekata?" Petronila akauliza. "Kaka yangu? Mara ya pili?"

"Malipo ndiyo yamekata, shangazi. Siyo baba."

"Hebu lete hiyo simu." Akaitazama kwa mbali, kwa karibu, akaisogeza kwenye mwanga. "Na hiki kilicho juu ya jina lake ni nini?"

"Kufuli."

Petronila akaweka simu mkekani taratibu kama yai. "Wifi, umesikia? Mmemfungia kaka yangu kufuli kwenye koo."

Nikamwambia, "Petronila, hata choo cha stendi kina kufuli, hatujasikia kimefiwa." Hakunicheka. Nilijua hapo kwamba mambo yameharibika, kwa sababu Petronila ananichekaga hata kanisani.

"Mtu kafa kwa kukosa sauti," akasema. "Sisi wenyewe tulimwona anaomba maji kwa kidole. Halafu leo binti yake anamfunga tena hapohapo. Na rangi hii ya nini?"

"Ya kijivu tu, shangazi."

"Rangi gani, wifi? Uliza mtoto wako."

"Majivu," Matrida akasema. Yeye hakuwa ameiona. Alikuwa amelisikia neno.

Tangu hapo hakulala vizuri. Macho yakazidi, tundu la ufunguo likawa tundu la sindano. Presha ya macho inafanyaga hivyo yenyewe, daktari alishasema, lakini Petronila alikuwa anapiga simu kutoka Nyegina kila siku na maelezo yake. Anayefungwa anavuta, alisema. Kaka anataka kutoka, anashika kilicho karibu, kilicho karibu ni macho yako. Nilimwambia Matrida asimsikilize. Akaniambia, "Mama, wewe ulisema simba alirudi kwa aibu, nikakusikiliza. Kwa nini wifi nisimsikilize?"

Akamwita tena Nyangi.

"Mfungue baba yako."

"Siwezi, mama. Mpaka watu waunge, na Boma halijatimiza. Pastory amesema akipata kazi ataunga."

"Akipata lini?"

"Hajui."

"Na wewe mwenyewe?"

Nyangi akaangalia vidole vyake. Peke yake asingetosha hata nusu ya ngazi, na mama yake alijua.

"Hapo kwenye kufuli unaweza kufanya nini?" Matrida akauliza.

"Viko viwili tu. Nakiacha kilivyo, au... kuna Ondoa."

"Ondoa?"

"Ndivyo kilivyoandikwa. Lakini mama, hiyo siyo..."

"Ondoa," Matrida akarudia, na uso wake ukalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. "Basi kumbe na hao wa mtandao wanajua. Matanga hayajaondolewa huko. Yaliondolewa hapa tu."

"Mama, ukiondoa kinatoka kabisa."

"Ndiyo tunachotaka, atoke. Hapa niliondoa, je, jina lake lilipotea? Si ndipo tulipoanza kumcheka?"

Nyangi alieleza, nawaambia alieleza. Alisema ondoa ya humo siyo ondoa ya njia panda. Alilia. Lakini kila alichosema kilikuwa kinaangukia kwenye neno lilelile, na neno lile mama yake alikuwa ameshalizoa kwa mikono yake miwili akaona linafaa. Petronila alikuwa kwenye simu nyingine, sauti wazi, anasema ukoo wote unasubiri. Ukimwambia mjane asiondoe majivu ya mumewe, umemwambia nini?

"Nishikishe," Matrida akasema. "Ni kazi ya mjane."

Nyangi akamshika kidole, kidole kinachonuka dagaa, akakiweka mahali. Simu ikauliza kama ana hakika. Nyangi akamsomea.

"Inaniuliza mimi?"

"Ndiyo."

"Iambie nina hakika."

Kikabonyezwa. Matrida akaenda nje akanawa mikono kama siku ile ya njia panda, akarudi akakaa, akatulia. "Sasa nipe baba yako," akasema.

Nyangi hakuwa na wa kumpa. Matrida akangoja. Alidhani kutoka kunachukua muda, kama maiti inavyosafirishwa.

Alingoja wiki hiyo yote.

Jumapili, watu wanatoka kanisani, simu ya Petronila ikalia kule Nyegina. Alikuwa ni mwanawe Pastory, amepata lori lingine, na malipo ya safari ya kwanza hakuwa amenunulia hata shati. "Mama, nimeunga," akasema. "Nimetia nguvu zote peke yangu. Ingieni Bomani, mjomba atuite."

Petronila alikuja Kiabakari siku hiyohiyo bila samaki. Alikaa mlangoni, hakuingia.

Bomani kulikuwa na sherehe. Rangi ya majivu ilikuwa imepukutika yenyewe, kufuli zote zimeanguka. Kengele ya Nyegina ililia, kigelegele kikapigwa, hata ng'ombe mmoja tuliyemsahau akalia. Wote waliofungwa siku moja na Stanslaus walitoka wakiwa wazima. Nyangi, ambaye hakuwa amerudi Kabasa, alishika simu katikati yetu, na tukasikia Pastory anauliza kutoka Uarabuni, kwanza kwa kucheka, "Mjomba yuko wapi? Mbona simwoni? Nani kamficha?"

Akauliza tena bila kucheka.

"Mwambie ukweli," Matrida akasema.

Petronila ndiye aliyemwambia mwanawe. Alimwambia kwa maneno machache, na tangu siku hiyo yule mama mwenye mdomo amekuwa mtu wa kutikisa kichwa.

Vijana wa Boma walijaribu. Mmoja baada ya mwingine waliita, wa karibu njooni, wa mbali njooni, kila mmoja anavyokumbuka. Matrida alisikiliza wote kwa heshima. "Kikohozi hamkuweka," akasema. Wakaweka kikohozi. "Hicho ni cha mafua." Wakaacha. Ile nafasi Nyangi hakuijaza. Pastory anaendelea kulipia kila mwezi, hajawahi kukosa tena.

Macho yaliisha kabla ya mvua. Siku hizi Matrida anapima dagaa gizani na bado hampunji mtu. Jioni akishafunika anakuja kwangu, mkono ukutani, anakaa.

"Mama. Alikuwaga akiita inafika wapi?"

"Bunda."

"Jana ulisema Butiama."

"Jana upepo ulikuwa mbaya."

Hacheki, lakini anakaa vizuri zaidi. Kwa hiyo kila jioni naisogeza mbele. Imeshavuka Bunda, imefika Mwanza, juzi niliifikisha Uarabuni, Pastory akasimamisha lori. Umbali naweza kumpa wowote anaoutaka. Ila kila nikimaliza anageuza sikio, najua anachongoja mwishoni. Hicho sithubutu kumwigizia. Jana nilijaribu kukitafuta kichwani kile kikohozi, nikampata simba tu.