Mpima Maji wa Uani Kwetu

Mpima maji huja uani kwetu, jirani na kilipokuwa kituo cha mafuta, kwa kuwa matangi ya petroli yaliyofukiwa pale yalivuja. Hushusha chupa kwa kamba ndani ya bomba refu lililozamishwa ardhini, huivuta polepole kama anayemwamsha mgonjwa, kisha huinusa macho kayafumba. Husema kwa sauti ya chini, utadhani yuko msibani. Leo aliponusa, mke wa mwanangu alikuwa akipita na ndoo ya maji kutoka kisimani, mtoto mgongoni. Mpima maji akampokonya ndoo, akamwaga maji yote.

“Makubwa! Umekuja kutukomoa, baba?” nikamtania.

“Msiyanywe tena, mama.”

“Na niliyomnywesha mtoto asubuhi?” akauliza mkwe wangu.

Nikamwita Mola kimoyomoyo. Mpima maji akampapasa mtoto kichwani.

“Mpelekeni hospitali, dada. Msingoje majibu yangu.”