Kiti cha Marehemu

Mume wangu alipofariki, watu hawakumaliza hata kunipa pole wakaanza kuulizana kiti chake atakikalia nani. Sisemi kiti cha mezani. Nasema kiti cha Baraza la Juu la chama chetu, chama cha watu wa kwetu tulioishi Minneapolis na Saint Paul, huku Marekani, ambacho yeye na wenzake walikianzisha wakiwa wanafunzi, vijana wenye njaa waliosoma siasa na kulala wanne chumba kimoja pale mtaani Cedar-Riverside.

Wangeweza kuanzisha chama kama vyama vingine: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, basi. Hawakutaka. Walikuwa wamesoma mambo ya mabunge, wakataka bunge. Chini wakaweka mkutano wa wanachama wote, wa kupiga kelele, na juu yake Baraza la waasisi saba, ambao viti vyao hurithiwa. Mwenye kiti akifa, au akirudi nyumbani moja kwa moja, wenye viti waliobaki hukutana wakampigia kura mtu wa damu yake. Mume wangu aliipenda sana kanuni hiyo. Waingereza walipowatoa mabwana wa kurithi katika bunge lao la juu wakabakiza wachache, na baadaye tukasikia redioni kwamba mmoja wao akifa wenzake humchagua mwingine wa uzao wa kibwana, alicheka mpaka akapiga meza.

"Unaona? Waingereza wametuiga!"

Nikamwambia Waingereza angalau wana jumba. Nyinyi mnakutana sebuleni kwa mtu, wake zenu wako jikoni wanakaanga sambusa.

Hiyo ndiyo ilikuwa mizaha yetu, na niliifurahia kwa sababu haikunigusa. Kisha ukaja Januari mmoja, katikati ya miaka ile ya elfu mbili, moyo wake ukasimama akiwa ofisini, na mizaha ikanigeukia. Kwa sababu katika kanuni zao hizo walikuwa wameandika pia mambo ya mazishi. Mwanachama akifa, mwenye kiti wa nyumba yake ndiye mwenye neno la mwisho azikwe wapi. Sasa marehemu ndiye aliyekuwa mwenye kiti. Maana yake, mpaka kiti kijazwe, mume wangu alale kwenye chumba cha baridi cha watu wa mazishi, na mimi nikae nyumbani kwetu Richfield nikisubiri bunge.

Nilitaka azikwe hapa. Sikuwa na siri wala falsafa. Karatasi zangu za kuishi Marekani zilikuwa bado kwa mwanasheria. Nikivuka mpaka, sirudi, na binti yetu wa pekee alikuwa amezaliwa hapa, anasoma chuo hapa. Mume wangu akipelekwa nyumbani, mimi simsindikizi, simwoni akishushwa, na kaburi lake sitaliona labda mpaka nizeeke. Nilitaka mahali pa kwenda Jumapili baada ya kanisa. Nilitaka kuona udongo wake kwa macho yangu, hata kama ni udongo wa theluji.

Ndugu yake mdogo alikuja kutoka Texas akilia tangu mlangoni. Sitamsingizia, machozi yale yalikuwa ya kweli. Mama yao alikuwa hai kijijini na kila siku alipiga simu kuuliza mwanawe anafika lini. Lakini shemeji alipomaliza kulia alivuta kiti, akakaa mahali pa marehemu bila kuambiwa, akasema, "Shemeji, mkataa kwao mtumwa. Ndugu yangu hatazikwa kwenye barafu. Hapa hata kaburi hawachimbi mpaka waipashe ardhi moto. Hiyo ni ardhi gani ya kumlaza mtu?"

"Ni ardhi niliyoko mimi," nikamjibu.

"Wewe si wa kuamua. Mke si damu."

Na kwa kanuni zao alisema kweli. Nilimfulia mtu yule, nikamuuguza, nikamzalia, nikamngoja akirudi usiku kutoka kwenye mikutano ya Baraza hilohilo, lakini si damu. Waliostahili kugombea kiti walikuwa wawili tu: huyo shemeji, na binti yangu. Mtoto wa kike alikuwa hajawahi kukalia kiti, lakini kanuni ilisema damu, haikusema ndevu.

Mtu ataniuliza, na wengi wameshaniuliza: sheria ya jimbo hili la Minnesota je? Sheria ilikuwa upande wangu. Mzungu wa nyumba ya mazishi aliniambia kwa upole, mama, wewe ndiye mke, ukisaini hapa imekwisha. Kalamu ilikuwa mezani. Sikusaini. Ningesaini, halafu? Nani angekuja kanisani? Nani angembeba? Hatukuwa na shangazi hapa, hatukuwa na majirani wa kuzaliwa nao. Tulikuwa na chama. Maiti haibebwi na sheria. Ningemzika peke yangu na binti yangu na yule Mzungu mpole, na tangu siku hiyo hakuna mtu ambaye angegonga mlango wangu. Kwa hiyo nikaamua kuwashinda kwa kanuni zao wenyewe.

Nikaanza kuwazungukia wenye viti mmoja mmoja. Shemeji alikuwa amekwisha kupita na gari la kukodi. Mimi nilikwenda kwa basi, kwa kuwa gari letu nililiogopa katika theluji, siku zote alikuwa akiendesha yeye. Nilikwenda mpaka Columbia Heights kwa muuguzi mmoja aliyekirithi kiti kwa kaka yake, nikamkuta ametoka shifti, macho mekundu. Nilianza vizuri, kwa heshima, na katikati nikapiga magoti kwenye zulia lake bila kupanga. Mfa maji haachi kutapatapa. Mkewe alitoka jikoni akaniinua akasema, "Dada, usifanye hivyo, unatutia aibu." Nikamwambia aibu nimeiacha kwenye kituo cha basi.

Lakini nilipata. Nilipomaliza mzunguko, wengi wa wale waliobaki walikuwa wamenipa neno, akiwamo mwenyekiti wa Baraza, mtu aliyelala chumba kimoja na mume wangu enzi za njaa. Aliniambia, "Mlete mtoto. Aseme mwenyewe kwa Kiswahili anachotaka. Kura ipo."

Basi nikamfunza. Binti yangu alisikia Kiswahili chote, lakini ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku. Tuliketi mezani na maneno machache: mimi ni mtoto wa marehemu, naomba kiti cha baba yangu, naomba baba azikwe hapa ili mama na mimi tuweze kumtembelea. Alijikwaa, akacheka, akalia, akaanza upya. Hakuninung'unikia hata kidogo, yeye ambaye kwa kawaida ukimwambia aoshe sahani anageuza macho. Jumamosi ya kikao alivaa gauni jeusi akaniambia kwa Kiingereza nisiwe na wasiwasi, anajua kila neno.

Kikao kilikuwa Cedar-Riverside, kwa mwenyekiti, ghorofa za juu kabisa za yale majengo marefu. Tulivua mabuti mlangoni, tukaamkiana na watu wakiwa bado wamesimama na vikombe vya chai, kisha wanawake tukaenda jikoni kama ilivyo ada, na binti yangu akawekwa chumba cha watoto asubiri kuitwa. Shemeji alichelewa. Nilimsikia akiingia moja kwa moja sebuleni, wakaomba dua, mwenyekiti akafungua Baraza. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya jiko, nimeshika mwiko, sikio limebaki ukutani. Maandazi yaliungua upande mmoja na hakuna aliyenisema.

Binti yangu akaitwa. Nilisikia mlango wa chumba, nikasikia hatua zake za soksi kwenye zulia. Kisha sauti yake, safi, bila kutetemeka:

"Shikamoo, baba mdogo."

Na sauti ya shemeji:

"Marahaba, mwanangu."

Mke wa mwenyekiti, aliyekuwa akimimina chai, aliacha kumimina. Mimi nilikuwa natabasamu. Naapa nilikuwa natabasamu. Niliona fahari, nikajisemea haya, waone sasa kama mtoto wa Marekani hana adabu. Nikangoja aendelee na mimi ni mtoto wa marehemu. Alianza, "Mimi ni mtoto wa..." na mtu akasema kwa upole, "Basi, mama, kaa. Kaa tu."

Mwenyekiti alikuja jikoni mwenyewe. Alisimama karibu na friji, akashindwa aweke wapi mikono yake.

"Shemeji," akasema, "hatupigi kura."

"Kwa nini?"

"Ndani ya Baraza hatuamkiani shikamoo. Ni mwiko wetu tangu mwanzo. Tulikuwa tunagombana nani mkubwa kwa nani, miezi miwili, miezi mitatu, tukaona hatutamaliza. Tukasema Baraza likishafunguliwa wote ni sawa, na anayemwamkia mwenzake amemweka juu yake. Nyumba moja ikiwa na wawili wanaotaka kiti, mmoja akimwamkia mwenziwe, basi nyumba yenyewe imeshasema mkubwa ni nani."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa. Ni mazoea."

"Na sisi tungejuaje, tuliofungiwa huku na masufuria?"

Nikamwuliza tena, na hapo nilikuwa nimeshapandisha sauti, sebuleni wananisikia, nataka wanisikie: "Kwa hiyo angeingia kama mtoto wa mtaani, akamwangalia ndugu wa baba yake usoni bila salamu, mngempa kiti? Adabu niliyomfundisha mimi ndiyo inayomnyima baba yake?"

"Kanuni ni kanuni, shemeji."

"Kanuni ya nani?"

Aliangalia chini. "Aliyeileta ni marehemu."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Ilinijia sura ya mume wangu, kijana, mwembamba, amesimama mbele ya wenzake akitetea hoja kwa kidole, amefurahi na akili zake. Nilimkasirikia vibaya sana. Nilimkasirikia maiti, na nikamlilia palepale, na vitu hivyo viwili sikuweza kuvitenganisha kwa muda mrefu.

Shemeji naye niliongea naye, kwenye korido ya lifti. Nilimwambia, "Wewe uliijua ile kanuni. Ulikuwa hapa zamani, ulikuwa ukija nao."

"Niliijua."

"Ungeweza kunyamaza. Asiyeitikiwa hajaamkia."

Alifunga koti lake mpaka shingoni. "Mama yangu anamngoja mwanawe," akasema. Nilitaka kumpiga. Lifti ikaja akaingia, akashikilia mlango usijifunge, akaniuliza kama tunahitaji kupelekwa nyumbani kwa gari. Na tulihitaji. Nje kulikuwa na baridi ya kuua ng'ombe. Tulipanda gari lake, binti yangu na mimi nyuma, tukarudi Richfield.

Baada ya hapo chama kilikuwa chema mno. Mtu asiseme hawakunisaidia. Walijaa nyumbani kwangu, walipika, waliimba, walifagia theluji mlangoni. Kanisani hapakuwa na pa kukaa, na jeneza lilibebwa na wanaume wengi kuliko waliohitajika. Shemeji alizungumza kwa niaba ya familia. Alizungumza vizuri. Kila mtu aliniambia jinsi nilivyojikaza, na mimi niliitikia asante, asante, huku nikitamani wote watoke waniache na sanduku lile mpaka masika.

Aliyemsindikiza marehemu kwenda nyumbani ni shemeji, pamoja na binti yangu, ambaye pasipoti yake ilikuwa ya hapa na haikumzuia kitu. Mimi niliishia uwanja wa ndege, pale kwenye foleni ya ukaguzi ambapo asiyesafiri haruhusiwi kupita. Marehemu alikuwa amekwisha kupitishwa upande wa mizigo, mlango ambao sikuuona. Shemeji aliagana nami, akatangulia. Nilimfunga binti yangu skafu, nikamwambia asiisahau ndegeni, ataikosa wakati wa kurudi, maneno ya kijinga ambayo mama husema. Nikamwambia atakaposhushwa baba, ashike udongo kwa mkono wangu pia.

Alikwenda hatua chache na foleni, akarudi, akainua kamba akapita chini yake. Tangu Jumamosi ile hakuwa ameliongelea jambo hilo, si kwangu wala kwa mtu mwingine. Alinikumbatia, akaniuliza sikioni, kwa Kiswahili, pole pole, akichagua kila neno:

"Mama, nilimwamkia vibaya?"

Nikamshika uso. Watu walikuwa wanavua viatu, mlinzi ananitazama.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Ulimwamkia vizuri."