Mnunuzi wa Keshokutwa

Mtaa mzima ulimwita Mzee Chapa, kwa sababu kwa miaka thelathini na ushee alichapa kadi za harusi, risiti za maduka na matangazo ya misiba kwa mashine moja ya chuma, ya kukanyaga kwa mguu. Alikuwa mtu wa neno moja. Akikuambia kadi zitakuwa tayari Alhamisi saa nne, ukifika saa nne kasorobo unamkuta anazifunga kamba. Watu walimsifu kwa hilo, na hilo ndilo lililokuja kumponza.

Mashine yenyewe ilikaa katika chumba cha uani, ambacho zamani kilikuwa cha binti yake wa pekee. Binti alimpenda mwanamume ambaye baba yake hakutaka hata kumsikia; wakarushiana maneno, naye akaondoka na begi moja. Juma hilo hilo Mzee Chapa aliita watu sita, mashine ikafunguliwa barazani na kuingizwa chumbani kipande kwa kipande. Wateja walipouliza, alisema vumbi la barabarani linaharibu wino. Uongo mtupu. Wino huo ulikuwa umelivumilia vumbi hilo tangu binti hajazaliwa.

Miaka tisa ikapita. Ndoa ikavunjika, binti akabaki na mtoto mmoja wa kike katika mji mwingine, akifua mashuka ya hoteli. Kufikia hapo walikuwa wameanza tena kuzungumza, yeye na baba yake, kwa simu, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Maneno yenyewe yalikuwa ya juu juu: mvua, bei ya sabuni, kifua cha mtoto. Jumapili moja binti akasema, kama anatania, kwamba mji ule umemchosha na kama angekuwa bado na chumba kwao angerudi. Mzee akakohoa. Akasema chumba kinaweza kupatikana, maana mashine ana mpango wa kuiuza.

Hakuwa na mpango wowote. Mpango ulizaliwa pale pale simu ilipokatika. Alikuwa na hamu ya kumwona binti yake kiasi cha kujionea aibu. Alitaka kusikia tena mlango wa uani ukibamizwa, kama alivyokuwa akiubamiza yule msichana asiyejua kufunga mlango taratibu. Alitaka kumkaripia mjukuu ambaye alimwona mara moja tu, akiwa wa kubebwa. Lakini mdomo wake haukujaliwa kutamka mambo ya namna hiyo. Alichoweza kusema ni chumba.

Mnunuzi alijitokeza kabla juma halijaisha. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, mcheshi. Aliizunguka mashine, akalipapasa gurudumu, akachapa karatasi moja na kuinusa. Alisema yeye naye ni mtu wa karatasi, ana kijiduka, na kadi ya mashine hii unaweza kuisoma kwa kidole hata ukiwa umefumba macho. Hapo mzee akawa kwisha habari yake. Walikubaliana bei bila kuvutana.

"Usimuuzie mtu mwingine, mzee wangu," akasema mnunuzi. "Keshokutwa nakuja na gari."

"Nimekupa neno," akajibu Mzee Chapa.

Sasa, mashine ile haikuweza kupita mlangoni ikiwa nzima. Mtu mwingine angesubiri gari lifike. Yeye alishinda kutwa nzima ya kesho yake akiifungua, skrubu kwa skrubu. Kila kipande alikifunga kwa gazeti na kukiandika kwa mwandiko wake wa kupendeza: mguu wa kushoto, rola ya pili, mkono wa karatasi. Jioni chumba kilikuwa kimejaa, ukumbi umejaa, na nusu ya sebule haipitiki. Aliruka vifurushi kwenda kujipikia chai, roho kwatu.

Keshokutwa ilipofika, mnunuzi alipiga simu: gari limeharibika. Keshokutwa nyingine, mama mkwe kalazwa. Halafu kuna mtu wa kumsaidia ambaye alikuwa safarini, halafu jino. Kila mara sauti ilikuwa ya upole na yenye majuto, hata mzee akajikuta anampa pole. Fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye hakosi la kusema, alimbatiza mtu yule Bwana Keshokutwa, na kila asubuhi aliulizia hali ya jino.

Walikuja wanunuzi wengine wawili. Wa kwanza aliona magazeti matupu akauliza atajuaje kama hicho ni mashine au ni masufuria. Wa pili alielewa vyuma, akataka kulipa siku ile ile, na Mzee Chapa akamkatalia, eti ameshamwahidi mwenziwe. Fundi viatu aliacha kiatu alichokuwa akishona.

"Neno umempa wewe," akamwambia. "Yeye kakupa nini?"



Shida kubwa ilikuwa Jumapili. Binti aliuliza, "Chumba vipi, Baba?" naye akajibu kwamba mnunuzi anachukua mzigo keshokutwa. Mwezi wa pili akajibu vilevile. Mwezi wa tatu binti akamuuliza mnunuzi huyo ni nani hasa, anakaa wapi, mbona haishi kuuguliwa. Mzee akaeleza yote, la jino pia, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwenyewe kwamba hadithi haishikiki. Binti akasema haya. Mwezi wa nne hakuulizia chumba tena. Walizungumza mvua na sabuni, wakaagana, na mzee akakaa katikati ya vifurushi vyake akiwa na uchungu ambao hakujua aupeleke wapi.

Jumatano iliyofuata alivaa viatu akaenda kumtafuta mnunuzi. Aliuliza huku na huku hadi akakipata kijiduka: chumba kimoja, meza, na rundo la bahasha za kuuza. Mke wa mnunuzi alimkaribisha, lakini alipoinua mguu kuingia akamzuia kwa mkono.

"Usikanyage hapo, baba. Hapo ni pa mashine."

Sakafuni palikuwa pamechorwa mstatili kwa chaki, mkubwa kuliko kila kilichokuwemo. Mama yule alieleza, bila kulalamika, kwamba ufagio huufuta kila siku na mume wake huuchora upya kila asubuhi, na wateja wote wameshasimuliwa habari za mashine inayokuja. Mnunuzi akatokea nyuma. Alipomwona mgeni, uso ulimshuka.

"Nimekuja unirudishie neno langu," akasema Mzee Chapa.

"Nipe mpaka keshokutwa."

"Mwanangu, mashine unaitaka?"

"Naitaka kuliko kitu chochote."

"Na njia ya kuilipia unayo?"

Mnunuzi aliutazama mchoro wake. "Sina. Sijawahi kuwa nayo. Lakini ningekwambia hivyo, ungemuuzia mwingine."

Mzee alikuwa amekuja na maneno makali aliyoyapanga njia nzima, na hakuyatumia hata moja. Mbele yake alikuwa mtu aliyekitengea nafasi kitu anachokipenda, akakipigia hesabu na kukisifia kwa kila mpita njia, ila lile neno moja la kweli likamshinda kusema. Alimfahamu vizuri sana mtu wa aina hiyo. Akauzunguka mstatili kwa pembeni ili asiuharibu, akatoka, na hapo hapo barabarani akampigia binti yake simu.

Binti alipokea kwa hofu, maana haikuwa Jumapili. Aliuliza nani anaumwa.

"Hakuna anayeumwa. Njoo nyumbani," akasema mzee. "Chumba bado kimejaa vyuma. Njoo hivyo hivyo, tutaviruka."



"Baba, nimeshapanga mahali. Wiki iliyopita nimelipa kodi ya miezi sita." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilijua mnunuzi umemtunga. Nikasema Baba ananikataa kwa adabu."

"Mnunuzi yupo. Natoka kwake sasa hivi."

"Miezi minne umenitajia chumba. Hukusema njoo hata mara moja."

"Sikujua kulisema," akakiri mzee. "Hata ile mashine niliiingiza mle kwa sababu sikuweza kukitazama kile chumba kitupu."

Upande wa pili mtoto aliuliza ni nani. Binti akamjibu ni babu yake, anasema waende kwake. Mtoto akauliza lini.

"Kodi ikiisha," binti akasema, na hakumwambia mtoto, alimwambia baba yake. Na Mzee Chapa, aliyekwisha kuchoshwa na ahadi za watu, akaipokea hiyo kwa mikono miwili.